Saa 48 Bila Sahihi ya Hakimu

Saa 48 zinazobishaniwa Louisville, jimboni Kentucky, huanza kuhesabiwa pale ambapo mahabusu alipaswa kwenda nyumbani. Dhamana imelipwa, au kesi imefutwa, au kifungo kimekwisha. Mlango ulitakiwa ufunguliwe, na haufunguliwi, kwa kuwa ICE, maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu, wameomba wasubiriwe. Tangazo la Meya Craig Greenberg kwamba rumande ya jiji itarudi kuyaheshimu maombi hayo lilisikika kila pembe Julai 2025, na Pam Bondi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati huo, alilipigia makofi. Kinachohangaisha si hesabu ya saa. Ni karatasi yenyewe, kwa sababu karatasi hiyo haina sahihi ya hakimu.

Utaratibu wake hauna kelele. Dereva anasimamishwa usiku, taa ya nyuma imeungua na leseni hana. Anapelekwa rumande, anapigwa picha, vidole vyake vinabanwa mmoja mmoja kwenye kioo cha mashine. Alama hizo hupelekwa FBI, na FBI huzipitisha kwa Wizara ya Usalama wa Ndani. Mpango huo ulianzia kaunti ya Harris, Texas, mwaka 2008, ukasimamishwa mwaka 2014, ukarudishwa mwaka 2017. Polisi hana haja ya kumuuliza mtu uraia wake, mashine imeshauliza. Ikionekana viza iliyokwisha, au amri ya zamani ya kufukuzwa nchini, ICE hutuma ombi lake kwa fomu I-247A. Wakati huo binamu wa mtu huyo yuko nje na mkoba wa nguo, dhamana ameshalipa, risiti iko mfukoni. Anaambiwa angoje. Anangoja mpaka zamu ya walinzi inabadilika, kisha anaambiwa kwamba ndugu yake amechukuliwa.

Fomu hiyo husainiwa na ofisa wa uhamiaji. Hati ya kukamata inayoambatana nayo pia husainiwa na ofisa wa uhamiaji. Anayemtaka mtu ndiye huyo huyo anayejiandikia ruhusa ya kumchukua. Hakimu hayumo.

Wapo wanaosema kwamba asiye na makaratasi ni mhalifu, basi hakimu wa nini tena? Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalijibu hilo mwaka 2012, katika kesi ya sheria ya uhamiaji ya jimbo la Arizona: kwa kawaida, kuwepo tu nchini bila kibali si jinai. Kuvuka mpaka kwa kificho ni jinai, na kurudi baada ya kufukuzwa ni jinai nzito zaidi. Lakini mwanafunzi ambaye viza yake imemwishia, au mfanyakazi aliyebaki baada ya muda wake, kosa lake ni la kiutawala. Na mtu wa jinai, hata awe muuaji, hawekwi ndani Marekani kwa muda mrefu kwa sahihi ya mlalamikaji wake pekee.

Mahakama ziliendelea kulichimba jambo hilo. Machi 2014 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilisema wazi kwamba fomu ya ICE ni ombi, wala si amri. Aliyeshitaki alikuwa raia wa Marekani, mzaliwa wa New Jersey mwenye asili ya Puerto Rico, aliyezuiliwa katika rumande ya kaunti ya Lehigh, Pennsylvania, baada ya dhamana yake kulipwa. Mwezi mmoja hivi baadaye jaji wa Oregon aliamua kwamba kaunti ya Clackamas ilivunja Marekebisho ya Nne ya Katiba kwa kumshikilia mama mmoja kwa fomu hiyo hiyo. Angeweza kutoka kwa kulipa dola 500, lakini familia iliambiwa kwamba hata ikilipa hatatoka. Lawama iliiangukia kaunti, ICE ikabaki pembeni. Kaunti kadhaa za Oregon ziliacha kuzipokea fomu hizo mara moja.

Serikali kuu haiwezi kulazimisha. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1997 ulikataza Washington kuwatumikisha masherifu wa mitaani katika mipango yake, na kesi yenyewe ilihusu bunduki: masherifu wa Montana na Arizona hawakutaka kuwachunguza wanunuzi wa bastola kwa niaba ya serikali kuu. Walioushangilia uamuzi ule kwa jina la uhuru wa majimbo wamekuwa kimya sana siku hizi. Isipoweza kulazimisha, Washington hushawishi. Sheria ya mwaka 1996, iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton, inaruhusu mikataba inayojulikana kama 287(g), ambayo huwapa polisi wa mitaa kazi za uhamiaji. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa kama 135, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa imepita 1,000. Asiyeshawishika hutishwa. Louisville iliwekwa kwenye orodha ya miji kimbilio, yaani miji inayodaiwa kuwakinga wahamiaji, ikaonywa kwa barua, ikasalimu amri.

Meya ana hoja yake, na si hoja ya kupuuzwa. Alisema jiji likibaki kwenye orodha, ICE itaingia mitaani, na msako wa mitaani hauchagui. Afadhali achukuliwe aliyekwisha kukamatwa kwa kosa lingine. Wapo pia wanaoikumbuka San Francisco ya Julai 2015, ambako mwanamke kijana aliuawa kwa risasi gatini, na mwenye bastola alikuwa mtu aliyefukuzwa nchini mara tano, ambaye sherifu alimwachia licha ya fomu ya ICE. Msiba ule haufai kufanyiwa dogo. Lakini mtu yule alikuwa ametoka kutumikia kifungo katika gereza la serikali kuu, kwa kosa la kurudi nchini. Serikali kuu ilikuwa naye mkononi. Badala ya kumpeleka kwa ICE ilimpeleka San Francisco kwa kesi ya bangi ya miaka ishirini nyuma, na kesi hiyo ikafutwa. Hati ya hakimu ingemzuia. Hakuna aliyekwenda kuiomba.

Polisi wenyewe wana historia katika hili. Los Angeles iliwakataza askari wake kuanzisha upekuzi kwa lengo la kujua hali ya mtu ya uhamiaji tangu mwaka 1979, na aliyetoa amri hiyo, Daryl Gates, hakuwa mtu wa huruma; ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wakati Rodney King alipopigwa na askari wake mwaka 1991. Alijua tu kwamba shahidi anayeogopa kufukuzwa hasemi alichokiona.

Louisville si mji wa mbali kwa wasemaji wa Kiswahili. Wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wamejaa huko. Wanapakua vifurushi usiku kucha kwenye maghala ya uwanja wa ndege na kukata nyama viwandani. Wengi wao wana vibali halali. Lakini katika nyumba moja utamkuta baba mwenye kadi ya kijani ya ukaazi, mtoto aliyezaliwa Kentucky, na shemeji ambaye ombi lake la hifadhi halijajibiwa. Mgeni ni kuku mweupe: taa ya gari lake ikiungua, huonekana haraka. Na mama anayepigwa na mumewe atapiga simu polisi, akijua kwamba mume akiingia rumande huenda asirudi, na mshahara wa nyumba hautarudi? Wengine watavumilia kipigo.

Louisville inayo tayari sheria ndogo ya mwaka 2017 inayowakataza polisi wa jiji kuisaidia ICE pasipo hati iliyotiwa sahihi na hakimu, isipokuwa pakiwa na hatari ya vurugu. Meya alisema sheria hiyo haikuguswa. Basi ivuke barabara iingie na rumande! Kama hakimu anahitajika mtaani, anahitajika pia mlango wa seli. Baraza la jiji lisikubali kuambiwa kwamba hili ni suala la karani wa rumande. Liitishe kikao, limwite mkuu wa rumande, lidai idadi ya waliozuiliwa na makosa waliyokamatiwa, itangazwe kila mwezi. Makanisa na misikiti yatafute mawakili kabla ya kuhitajika, yabandike namba zao za simu milangoni. Wenye magari watengeneze taa leo. Na yeyote atakayesimama nje ya rumande ile na mkoba wa nguo, akaambiwa angoje, asiondoke kabla hajaliuliza dirisha la mapokezi kwa sauti: ni hakimu gani aliyetia sahihi?