Ukoo wa Ngege Ndani ya Kipande cha Pezi

Samaki aitwaye ngege aliwahi kuwa kitoweo kikuu kando ya Ziwa Viktoria. Uvuvi uliopita kiasi ulimpunguza. Samaki wageni, sato na sangara, walipopandikizwa katika miaka ya 1950, akazidi kutoweka. Leo angali anapatikana katika maziwa madogo ya jirani, likiwemo Kanyaboli, Siaya, nchini Kenya.

Je, waliobaki ni ngege halisi, au ni machotara waliochanganyika na sato?

Mtaalamu hukata kipande kidogo cha pezi, akakihifadhi kwenye spiriti, kisha maabara hutoa DNA. Ndani ya seli, nje ya kiini, mna mitokondria zenye DNA yao wenyewe: duara la herufi zipatazo 16,600 na jeni 37. Mashine huzisoma vipande vipande, kompyuta ikaviunga mpaka duara likamilike.

Duara hilo samaki hulirithi kwa mama. Basi ngege kwa umbo akikutwa na mitokondria za sato, ni dalili kwamba bibi mmoja wa ukoo wake alikuwa sato. Upande wa baba hutafutwa kwenye DNA ya kiini.

Kwa wafugaji, kipimo hiki kina uzito mkubwa: vifaranga visipochunguzwa kabla ya kupandikizwa, machotara husambaa bwawa kwa bwawa, huku watu wakiamini wanamhifadhi ngege.