Figo Mpya, Dawa za Kila Siku: Matumizi Salama ya Dawa za Kushusha Kinga Baada ya Kupandikizwa Figo

Mada kwa watoa dawa, wauguzi na matabibu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya

1. Utangulizi



Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kabla ya hapo Mtanzania aliyehitaji figo alilazimika kwenda nje, na wengi walikwenda India. Leo waliopandikizwa wanaishi miongoni mwetu, mijini na vijijini, na wengi wako mbali na kliniki inayowafuatilia. Wakipata homa usiku, wanakuja zahanati. Kiuno kikiwauma, wanapita kwenye duka la dawa muhimu lililo karibu na stendi. Kwa siku nyingi za mwaka, mtaalamu wanayemfikia ni wewe.

Hoja yangu leo ni moja. Upasuaji wa kupandikiza figo humalizika kwa saa chache, lakini kuilinda figo hiyo ni kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa watu ambao hawakuwepo chumba cha upasuaji. Figo inaweza kupotea kwa sababu ya dawa iliyotolewa kwa nia njema na mtu ambaye hakuuliza swali moja.

2. Kwa nini dawa hizi haziachwi

Mwaka 1954 huko Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, na ikafanya kazi. Pacha hao walikuwa wa kufanana kabisa, kwa hiyo mwili haukuiona figo hiyo kuwa ngeni. Wagonjwa wasio na pacha wa namna hiyo waliendelea kupoteza figo hadi zilipopatikana dawa za kushusha kinga: azathioprini pamoja na prednisoloni miaka ya 1960, saiklosporini miaka ya 1980, kisha takrolimasi miaka ya 1990. Takrolimasi ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Tsukuba, Japani.

Siku hizi wagonjwa wengi mnaowaona hutumia dawa tatu kwa pamoja. Takrolimasi huzuia seli za kinga zisipewe amri ya kushambulia. Mikofenoleti huzuia seli hizo zisizaliane. Prednisoloni hutuliza uvimbe na mwitikio wa kinga kwa ujumla. Wengine hutumia saiklosporini badala ya takrolimasi, au azathioprini badala ya mikofenoleti.

Kinga ya mwili haimtofautishi mgeni aliyealikwa na mwizi. Hata baada ya miaka kumi, bado inaitambua figo ile kuwa ya mtu mwingine. Hatari kubwa ni kwamba mgonjwa akiacha dawa, hajisikii vibaya papo hapo. Anakula, anatembea, anakwenda shambani, huku mwili umeshaanza kuikataa figo. Kreatinini hupanda kwenye damu kabla ya maumivu yoyote. Ndiyo maana mgonjwa aliyepona vizuri, anayejiona mzima, ndiye anayehitaji kukumbushwa zaidi.

3. Saa na kiwango cha dawa

Takrolimasi ya kawaida humezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Mgonjwa achague saa anazoziweza, kwa mfano saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, aweke kengele kwenye simu, na mtu mmoja nyumbani azijue saa hizo. Kama anameza kabla ya chakula, iwe hivyo kila siku, kwa sababu chakula hubadilisha kiasi kinachoingia kwenye damu.

Nafasi kati ya kiwango kinachotosha na kile kinachodhuru ni ndogo. Dawa ikiwa pungufu, figo inakataliwa. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo, inatetemesha mikono, inapandisha shinikizo la damu na inaweza kuleta kisukari. Vituo vingi hulenga takriban nanogramu 8 hadi 12 kwa mililita ya damu katika miezi ya mwanzo, kisha hushusha. Damu ya kupima kiwango hiki huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Mwambieni mgonjwa aje maabara na dawa yake mkononi, ameze baada ya kutolewa damu. Akimeza nyumbani kwa mazoea, kipimo kitaonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli, na dozi inaweza kupunguzwa bila sababu.

Watu wengi wenye asili ya Afrika wana kimeng'enya kinachoivunja takrolimasi kwa kasi, na huhitaji dozi kubwa ya kuanzia, mara nyingi mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile inayowatosha wengine. Kwa hiyo usishtuke ukiona cheti chenye dozi inayoonekana kubwa, ukaipunguza kwa huruma. Piga simu kliniki kwanza.

Dozi iliyosahaulika imezwe mgonjwa akikumbuka mapema. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, aendelee na ratiba yake na aiarifu kliniki. Asimeze dozi mbili kwa pamoja. Prednisoloni nayo isikatwe ghafla, kwa maana mwili ulioizoea huacha kutengeneza homoni yake wenyewe.

Jambo jingine ni aina ya takrolimasi. Iko ya kumezwa mara mbili kwa siku na iko inayotoa dawa taratibu, ya mara moja kwa siku. Hazibadilishani. Hata kati ya watengenezaji tofauti wa aina moja, kubadilisha kunahitaji kipimo cha damu. Nchini Uingereza, mwaka 2012 mamlaka ya dawa ilishauri takrolimasi iandikwe na kutolewa kwa jina la kibiashara, baada ya wagonjwa kupewa aina isiyo yao. Ukikosa aina anayotumia mgonjwa, usimpe "inayofanana" bila kuwasiliana na kliniki yake.

Kwa Waislamu, Ramadhani inahitaji mazungumzo mapema. Hapa kwetu muda wa kufunga hukaribia saa 13 na nusu, hivyo kumeza wakati wa daku na wa futari kunavuruga mpangilio wa saa 12, na kukaa bila maji kunaielemea figo. Mgonjwa asiamue peke yake. Azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama.

4. Dawa zinazogongana

Hapa ndipo naomba tukae zaidi, kwa kuwa ni kazi yetu ya kila siku.

Dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na zikikutana na takrolimasi madhara huongezeka. Sindano ya diklofenaki ya kutuliza mgongo haimfai mgonjwa huyu. Mpe parasetamoli kwa dozi sahihi, na utafute chanzo cha maumivu.

Antibayotiki na dawa za fangasi. Klarithromaisini, erithromaisini, flukonazoli na ketokonazoli huzuia vimeng'enya vinavyoivunja takrolimasi, na kiwango chake hupanda ndani ya siku chache. Mtu aliyekuja na fangasi za mdomoni akapewa flukonazoli bila taarifa anaweza kurudi akiwa anatetemeka, na kreatinini yake imepanda.

Dawa za kifua kikuu. Rifampisini hufanya kinyume: huharakisha uvunjaji wa takrolimasi kiasi kwamba dozi inaweza kuhitaji kuongezwa mara kadhaa. Watu wengi husahau upande wa pili. Rifampisini inapoachwa, vimeng'enya hurudi katika hali ya kawaida kwa muda wa wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa ikiachwa ilivyo inageuka sumu. Matibabu ya kifua kikuu kwa mgonjwa huyu yaanze kwa makubaliano na kliniki ya figo, na yaishe kwa makubaliano hayo hayo.

Dawa za kifafa na za VVU. Fenitoini na kabamazepini hushusha takrolimasi. Efavirenzi huishusha pia. Ritonaviri huipandisha sana, hadi dozi ya kawaida inakuwa ya hatari.

Dawa za gauti na za tumbo. Alopurinoli pamoja na azathioprini huweza kuzima utengenezaji wa damu kwenye uboho. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hupunguza mikofenoleti inayofyonzwa, kwa hiyo zitenganishwe kwa saa kadhaa.

Malaria. Homa kwa mtu huyu ipimwe mara moja, na malaria ikithibitika, tiba isicheleweshwe. Toa matibabu kwa mwongozo wa taifa, kisha iarifu kliniki ili wafuatilie kiwango cha takrolimasi.

5. Chakula, mitishamba na kuhara

Balungi na danzi huzuia kimeng'enya cha utumbo na kupandisha takrolimasi, kwa hiyo visiliwe wala kunywewa juisi yake. Chungwa la kawaida halina shida.

Ndugu na majirani humletea mgonjwa mizizi, unga wa majani na chupa za kuongeza kinga. Wanampenda. Lakini kinga ndiyo inayoishambulia figo. Kuiamsha ni kufuta kazi ya dawa zote. Tukiwafokea, watatoa kwa siri. Tuwaeleze sababu, mbele ya familia nzima ikiwezekana, ili shangazi na mjomba wawe walinzi wa dawa badala ya kuwa wapinzani wake.

Kuhara kunahitaji uangalifu wa pekee. Utumbo ulioumia huruhusu takrolimasi nyingi zaidi kupita, na wakati huohuo mwili unapoteza maji. Figo inapigwa mara mbili. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, mpeleke akapimwe, wala usimwachishe mikofenoleti kwa uamuzi wako, ingawa nayo huweza kuleta kuhara.

6. Maambukizi, chanjo na ujauzito

Kwa miezi ya mwanzo mgonjwa hupewa kotrimoksazoli kuzuia nimonia na maambukizi mengine. Ni sehemu ya tiba yake, asiiache kwa kuwa hana kikohozi. Chanjo zenye vimelea hai, kama za homa ya manjano, surua na polio ya matone, hazimfai. Akihitaji kusafiri kwenda nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, aombe barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo.

Mwanamke aliyepandikizwa figo anaweza kupata mtoto, ila kwa mpango. Mikofenoleti husababisha mimba kuharibika na kasoro kwa mtoto. Huachishwa angalau wiki sita kabla ya kubeba mimba na kubadilishwa kwa dawa nyingine, na kwa kawaida hushauriwa asubiri angalau mwaka mmoja baada ya upandikizaji. Kila mama mwenye cheti cha mikofenoleti aulizwe kuhusu uzazi wa mpango.

7. Dalili za kumpeleka hospitali mara moja

Homa, mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, maumivu mahali figo ilipowekwa, uzito kupanda ghafla, kutapika hadi dawa hazikai, kuhara kwa zaidi ya siku moja, mikono kutetemeka kuliko kawaida. Usimpe dawa ya kujaribu nyumbani kwa wiki moja.

8. Mapendekezo

Kwanza, kila duka la dawa na kila zahanati iwe na desturi ya swali moja kabla ya kutoa dawa yoyote: "Samahani mama, kuna dawa unazotumia kila siku? Umewahi kupandikizwa figo?"

Pili, kila mgonjwa apewe kadi ndogo yenye majina ya dawa zake, dozi, mtengenezaji, saa anazomeza na namba ya simu ya kliniki, na atembee nayo kama anavyotembea na kitambulisho.

Tatu, hospitali za mikoa ziweke akiba ya dawa hizi, kwa maana pengo la siku chache tu ghalani linaweza kuigharimu figo. Mgonjwa naye arudi kuchukua dawa akiwa bado na za wiki mbili, na akisafiri kwa basi azishike kwenye mkoba wake, zisikae kwenye joto la buti.

Nne, gharama zizungumzwe waziwazi. Mgonjwa anayemeza nusu dozi ili kidonge kifike mwisho wa mwezi hatasema asipoulizwa kwa heshima. Akisema, aunganishwe na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

9. Hitimisho

Ndugu washiriki, nyuma ya kila figo iliyopandikizwa yuko kaka, dada, mama au mtoto aliyetoa ya kwake akabaki na moja. Hatuwezi kuwarudishia walichotoa. Tunaweza kuhakikisha hakipotei kwenye meza zetu. Tukirudi vituoni, tuanze na swali lile, kesho asubuhi, kwa mteja wa kwanza.