Hotuba ya Mwenyekiti: Tusingoje Kuugua Ndipo Tupimwe



Miaka kumi si mchezo. Habari za hisa na mikopo atazisema Mweka Hazina. Mimi nimeomba niseme jambo moja tu, nalo ni la afya. Mimi si daktari, nimeishia darasa la saba. Nasema niliyoyaona na niliyoelezwa na wauguzi.

Mnakumbuka mwaka juzi tulimzika mwenzetu. Jina sitalitaja, watoto wake wapo hapa na wameniruhusu niseme. Alikuwa amekwisha kukoma hedhi, kisha damu ikaanza kumtoka tena. Akanyamaza miezi mingi kwa aibu. Alipofika hospitali, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imekwisha kuenea. Sisi tulifanya kazi yetu. Mfuko wa jamii ulitoa fedha ya sanda na chakula cha waombolezaji siku ile ile. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza, hivi sisi tuna fedha ya kumzika mtu, tukakosa nauli ya kumpeleka akapimwe?

Basi nikaenda mwenyewe kituo cha afya, hali siumwi kitu. Nitawaeleza yanayofanyika huko, maana wengi wetu tunaogopa kitu tusichokijua.

Kwanza ni maswali. Utaulizwa umri, uzazi, hedhi ya mwisho, magonjwa ya wazazi wako, na dawa unazotumia, pamoja na zile za kienyeji. Usifiche. Mimi nilificha kwamba nilikuwa nanunua dukani dawa za maumivu ya magoti kila siku. Nesi aliponiuliza mara ya pili ndipo nikasema. Akaniambia baadhi ya dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo.

Pili ni uzito, urefu na presha. Unafungwa kitambaa mkononi, kinajaa upepo, kinabana, kisha kinaachia. Kakojoe kwanza, ukae umetulia kama dakika tano, na usiwe umetoka kunywa kahawa wala chai ya rangi. Utatajiwa namba mbili. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, unaitwa tena siku nyingine ili wahakikishe. Yangu ilisoma 172 kwa 104. Jamani, kichwa hakikuniuma, macho yalikuwa mazima, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kulima! Niliporudi ikawa vile vile. Tangu hapo nameza kidonge kila siku na chumvi nimepunguza. Nisingekwenda, pengine ningejua siku ya kuanguka na kupooza.

Tatu ni damu na mkojo. Kwa sukari unachomwa kidogo kidoleni, linatoka tone tu. Uliza mapema kama unatakiwa kwenda bila kula. Ukipimwa hujala tangu usiku, sukari ikifika 7 au zaidi, lazima ifuatiliwe. Utashauriwa pia kupima virusi vya UKIMWI. Hilo ni hiari yako na majibu ni siri yako.

Nne ni lile la aibu. Matiti hukaguliwa kwa mkono, kutafuta uvimbe. Kisha shingo ya kizazi. Nilimsindikiza binti yangu akapimwa. Unalala kitandani umefunikwa shuka, nesi anaingiza kifaa cha kupanua njia, anapaka maji ya siki, anangoja kama dakika moja, anaangalia. Binti alisema unasikia kubanwa kidogo, basi. Pakionekana weupe, usilie. Weupe si lazima uwe saratani. Huenda ni mabadiliko ya mwanzo, nayo huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, pengine siku hiyo hiyo, kabla hayajageuka saratani. Kipimo hiki huhimizwa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na virusi huanza mapema zaidi na hurudia mara nyingi zaidi. Sisi wazee tuliokoma hedhi siki haionyeshi vizuri, kwa hiyo mimi nilielekezwa hospitali kwa kipimo kingine. Lakini anayetokwa damu baada ya kukoma hedhi asingoje siku ya kupima. Aende mara moja.

Na mabinti zetu wa miaka 9 hadi 14 wapelekwe chanjo ya HPV, ambayo nchini kwetu Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2018.

Najua wapo wasemao, "Nikijua nitakufa haraka kwa mawazo." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hapa kila wiki tunafungua daftari na kuhesabu fedha mbele ya wote. Hatungoji sanduku liwe tupu ndipo tuulize nani ana deni. Mwili nao una daftari lake. Tulifungue kabla deni halijatushinda.

Kwa hiyo natoa ombi mbele ya mkutano huu. Mfuko wa jamii, ambao mpaka leo unajua njia ya makaburini tu, utenge nauli ya kila mwanachama kwenda kupimwa mara moja kwa mwaka. Twende wawili wawili, mmoja asimwache mwenzake mlangoni. Kila mtu aombe namba zake ziandikwe, azitunze pamoja na kitabu chake cha hisa. Na ninyi akina baba, mkeo akisema anakwenda kupimwa, usimwulize, "Kwani unaumwa nini?" Mwambie, "Ngoja nivae viatu twende wote." Presha na sukari haziwachagui wanawake.

Miaka kumi ijayo nataka tukutane hapa hapa, tukiwa wengi kuliko leo, si wachache.