641 ndani ya sensa

Sensa ya Tanzania ya usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 ilitupa watu 61,741,120, wa Chole kule Mafia wakiwamo. Wengi tuliishia kwenye "milioni sitini na moja na ushei". Haya, tuichambue yote: ni zao la 2 sita, kisha 5, 7, 43 na 641, zote namba tasa.

Hiyo ya mwisho ni maarufu. Mwanahisabati Fermat aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha 641 inaigawanya bila baki. Kwetu imeingia kwa bahati tu, wala bajeti haiihitaji. Lakini karani angemruka mvuvi mmoja wa Chole, jumla ingekuwa witiri, na 641 isingekuwamo.