Mama wa Magwagwa akipata uchungu usiku, swali ni la nani?

Wengi mmeomba maandishi ya yale niliyosema kwenye kikao chetu Magwagwa. Haya hapa. Chama sitaji, mtu sitaji.



Msimu wa siasa ukifika, wa kaunti anasema pesa zimekwama Nairobi. Wa Nairobi anasema afya iligatuliwa, muulizeni gavana. Kila mmoja anatupa nusu ya ukweli.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi. Serikali ya kitaifa ilibaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Kwa hivyo nesi akikosekana usiku, ama ambulensi ikose mafuta, hilo ni la gavana na la MCA wenu anayepitisha bajeti. Mbunge akiahidi wodi ya kujifungulia, mwulizeni kwa upole: kazi hiyo ulipewa na nani? (Na wodi bila mkunga ni stoo tu.)

Lakini pesa za kujifungua ni hadithi nyingine. Juni 2013 serikali ya kitaifa ilitangaza kujifungua bure kwenye vituo vya umma. Baadaye ikaja Linda Mama chini ya NHIF: mama alijiandikisha tu, hakuchanga. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, Linda Mama ikawa Linda Jamii. Hapo ndipo wengi walipotea. Kutibiwa homa kwenye zahanati hulipwa na mfuko wa afya ya msingi. Kujifungua hulipwa na mfuko wa michango. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na mchuma chai asiye na mshahara wa mwezi hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, 3,600. Kujiandikisha si kulipa, jameni! Na utaratibu huu haukutungwa Nyamira, ulitungwa Nairobi.

Sasa jambo ambalo kwenye mikutano halitajwi. Mambo yakiwa magumu hapa, mama hupelekwa Ekerenyo au Nyamira, na mara nyingine Kisii. Kisii ni kaunti nyingine. Hospitali ile ya rufaa inaendeshwa na Kaunti ya Kisii, manesi wanalipwa na Kisii, lakini mgao wa serikali unaohesabiwa kwa ajili ya mama wetu umeenda Nyamira. SHA ikilipa kwa wakati, hospitali inarudishiwa gharama yake, na sheria ya 2023 inairuhusu ibaki na pesa inazokusanya. SHA ikichelewa, Kisii imebeba mzigo wa jirani. Je, kaunti hizi mbili zimeandikiana nini? Saa nane usiku nani anampigia nani simu, na ambulensi ya nani inatoka? Kifungu cha 189 kinazitaka serikali zetu zishirikiane. Kwangu mimi swali hili ni zito kuliko jengo lolote.

Mkiambiwa mlipe kwanza na mama anavuja damu, tajeni Kifungu cha 43: hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Wakiita wananchi watoe maoni, nendeni. Msiulize jumla ya "Afya". Ulizeni mafuta ya ambulensi ni shilingi ngapi, na manesi wa zamu ya usiku ni wangapi.