Aliyeumia Ubongo Bado ni Mwenzetu



Katika maadhimisho ya hekalu ni desturi kuwashukuru waliotoa saruji, mabati na fedha. Shukrani hizo wanazistahili. Sisi tufanyao biashara ya mchele Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tumeombwa kuzungumza juu ya seva, yaani utumishi usiodai malipo. Tumeona ni vyema kuanza na kosa letu wenyewe.

Mchukuzi mmoja alifanya kazi ghalani kwetu kwa miaka mingi. Jioni moja alianguka kutoka kwenye bodaboda, naye hakuwa amevaa kofia ngumu. Alitibiwa hospitalini Matema, kisha akapelekwa Hospitali ya Rufaa Mbeya. Aliporudi alikuwa akitembea kwa miguu yake, na kovu lilikuwa limefunikwa na nywele. Sote tukasema amepona.

Haikuwa hivyo. Alihesabu magunia mara tatu, akapata hesabu tatu. Alisahau alichotumwa kabla hajafika mlangoni. Kelele za mashine ya kukoboa mpunga zilimpandisha hasira, na ifikapo saa sita mchana alikuwa amechoka kama aliyelima kutwa. Wengine walinong'ona kuwa ni pombe, wengine kuwa amerogwa. Sisi tulimwambia apumzike nyumbani, na kila mwisho wa mwezi tukampelekea mchele na fedha kidogo. Tukajiona tumetimiza wajibu.

Ndipo mama yake alipokuja dukani. Hakuomba kitu. Alisema, "Baba, mchele tunaupata, asanteni. Lakini kila asubuhi mwanangu anavaa shati la kazi, anaketi mlangoni, ananiuliza mbona hamumwiti."

Tuliona haya. Tulikuwa tumemlisha mtu huku tukimwondoa miongoni mwetu.

Tukaenda kuwauliza wauguzi. Walitueleza kuwa jeraha la ubongo halionekani kama mguu uliovunjika. Kumbukumbu, subira na wepesi wa kufikiri huweza kupungua. Uchovu wa mtu huyo si uvivu, wala hasira yake si utovu wa adabu. Nafuu kubwa mara nyingi huja katika miezi ya mwanzo, lakini mtu huweza kuendelea kujifunza kwa miaka. Wengine hupata kifafa, nacho hakiambukizi.

Basi tukamwita, tukampa kazi inayolingana na nguvu zake. Hufungua milango, hufagia baraza, na Jumamosi hupanga vyungu tunavyonunua kwa Wakisi wa Ikombe katika soko la Lyulilo. Hupewa agizo moja kwa wakati, tena limeandikwa ubaoni. Saa tano hupumzika. Jirani mmoja, mvuvi, humsindikiza siku ya kliniki. Hajawa kama zamani, na zipo siku huondoka kwa hasira. Kesho yake hukuta mlango u wazi na salamu ni ile ile.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nayo inalinda haki ya kufanya kazi na kushiriki katika jamii. Utekelezaji wake huanzia kwetu. Kwa hiyo tunaleta maombi manne.

Kwanza, kila mwenye duka atafute kazi moja ndogo ambayo mtu wa namna hii aweza kuifanya, na amlipe kwa haki. Pili, hekalu litenge viti mahali patulivu, mbali na kengele za arati. Tatu, tuwakumbuke wanaowalea; mama au mke akipokewa zamu kwa siku moja tu, hupata nguvu za wiki nzima. Nne, vijana wanaotubebea mizigo kwa pikipiki wavae kofia ngumu, na gharama yake tuibebe sisi wenye mizigo.

Ndugu yetu huyo amesafiri nasi leo. Ameketi kwenye baraza ya nje, ambako kengele hazimsumbui. Mtakapotoka na prasad, tafadhali msimpite. Mketi naye kidogo, mmtajie majina yenu, hata kama mlimtajia asubuhi.