Kuanza Kukereza Chuma Nyumbani
(Maneno ya fundi mmoja mbele ya wakimbizi wa Kisugu, Kampala, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kerezo dogo la nyumbani, kwa kuwa vijana wetu wa hapa Kisugu wanachanga fedha wanunue moja. Nawapongeza. Mwaka 1996, vita vilipofika Bukavu, nilikimbia nikaacha kerezo langu. Mashine ilibaki, ufundi nilikuja nao.

Kabla ya kununua, angalieni mota. Makerezo mengi makubwa yanataka umeme wa fezi tatu, na vyumba vyetu vya kupanga vina fezi moja. Ongeeni pia na mwenye nyumba na majirani, maana chuma kina kelele. Msimalize fedha zote kwenye mashine: wekeni akiba ya visu vya kukatia, kipimo, jiwe la kunolea na miwani ya kukinga macho.

Anzeni na alumini au shaba, halafu chuma laini. Vipande vya kujifunzia waulizeni mafundi wa Katwe; hawakosi mabaki.

Ncha ya kisu iwe sawa na kitovu cha chuma kinachozunguka. Mashine ikiwa imezimwa, baneni taratibu rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo. Rula ikisimama wima, ni sawa. Ikiinamia kwako kwa juu, kisu kiko chini; ikiinamia mbele, kisu kimepanda mno.

Kwa chuma laini chenye unene wa milimita 20, mizunguko 400 hivi kwa dakika yatosha. Na msisahau: kisu kikiingia nusu milimita, unene wote unapungua milimita 1, kwani kinakata pande zote. Wengi huharibu kazi hapo.

Sasa tazameni mkono wangu. Kidole hiki kilikatika kwa sababu ya glavu. Chuma kiliishika glavu, nayo ikauvuta mkono. Basi, mbele ya kerezo hakuna glavu, hakuna mikono mirefu ya shati, hakuna mtandio wala mkufu unaoning'inia. Ufunguo wa kukazia taya usiuachie mkono kabla hujauchomoa. Vinyweleo vya chuma viondoeni kwa brashi, mashine ikiwa imesimama, si kwa vidole.

Wazazi, msiwakataze vijana hawa. Simameni nao siku za mwanzo, na atakayejua amfundishe mwenzake.

Kerezo laweza kuibwa, kuuzwa, au kuachwa tena njiani. Mikono ndiyo mtakayoondoka nayo. Itunzeni.